Ofisini Wananiita Mvua

Dada Evodia, umri wako siujui, kwa hiyo kama umenizidi shikamoo, na kama nimekuzidi basi pokea salamu zangu kutoka Ihumwa hapa Dodoma. Ukurasa wako nausoma kila gazeti likifika ofisini kwetu, nausoma hata kabla ya michezo, na sikuwahi kufikiri kwamba na mimi ningekaa chini kukuandikia, maana nilikuwa nawacheka wanaoandika, nasema mtu mzima unapelekaje mambo yako gazetini, sasa leo zamu imenifikia mimi. Naomba unisikilize mpaka mwisho, nitajitahidi nisikuchoshe, ingawa kuchosha watu ndiyo shida yenyewe iliyonifanya nikuandikie.

Naitwa Cornel, nakaribia miaka hamsini, ni mtumishi katika wizara moja pale Mtumba kwenye mji wa serikali, wizara naomba usiitaje. Nilikuja Dodoma serikali ilipohama kutoka Dar es Salaam. Mke wangu Yudith ni mwalimu wa shule ya msingi huko Dar, tukakubaliana mimi nitangulie yeye afuate, nikapanga nyumba nzima ya vyumba vitatu ili wakija wapate pa kukaa, lakini uhamisho wake ukakwama, tukaomba tena ukakwama tena, mpaka watoto wamekua, Abeli yuko chuo Mbeya na Raheli yuko bweni Iringa, na ile nyumba nakaa chumba kimoja, vingine nimevifunga milango maana upepo wa huku unajaza vumbi hata kwenye kitanda kisicholaliwa. Nimezoea, hilo siyo tatizo, nimelitaja ili upate picha tu.

Tatizo liko ofisini. Tunakaa kwenye ukumbi mmoja, meza zimepangana hazina kuta katikati. Kuna Hilda, binti wa miaka kama thelathini hivi, yeye ndiye anayeandaa vitabu vya bajeti, na kuna Joel, mtu wa kompyuta, ambaye sistimu ikigoma kila mtu anaita jina lake, halafu ng'ambo ya korido kuna Iddy wa manunuzi, yeye ana chumba chake. Mimi ni mtu wa watu, dada Evodia, nimezaliwa hivyo. Nikifika asubuhi lazima nimsalimie kila mtu, na salamu yangu siyo ya kupita, nasimama, nauliza umeamkaje, baridi ya leo umeionaje, mpira wa jana umeuangalia, onja karanga hizi nimenunua kwa yule mama wa getini, na nikimaliza mzunguko huo nakaa kidogo, halafu nakumbuka jambo, nainuka kwenda kumwambia Hilda, nikitoka kwa Hilda nampitia Joel, na nikiwaona wameinamia kompyuta hawasemi kitu mimi moyoni naona wamechoka, nawaonea huruma, nawapa stori wachangamke. Mwaka jana Hilda alianza kuvaa zile hedifoni kubwa zinazofunika masikio, nikajua anapenda muziki, nikawa nikifika namgusa bega.

Basi mwezi wa sita, bajeti imepamba moto, siku hiyo nilikuwa kwa Iddy, nikatoka nikapita chumba cha chai, nikabeba kikombe cha Joel na kikombe cha Hilda, karanga nimezibana kwapani, nafika mlangoni pa ukumbi wetu mlango uko wazi kidogo, nikamsikia Joel anasema, "Hilda, malizia hiyo kurasa fasta, mvua bado imesimama kwa Iddy, ikimalizana naye inakuja kwako." Hilda akacheka, akasema, "Leo jamani ipite mbali, leo nataka nifike nimkute mtoto yuko macho."

Dada Evodia, mimi ndiye niliyekuwa natoka kwa Iddy. Nilitazama nje kupitia dirisha la korido, jua kali, mbingu nyeupe, na hapo nikakumbuka mara ngapi nimewasikia wakisema mvua hiyo, mvua imeanza, na siku moja mimi mwenyewe niliwajibu, nikawaambia jamani mwezi huu Dodoma mvua itoke wapi, wakacheka mpaka machozi yakawatoka na mimi nikacheka nao, nikajiona nimechekesha. Mkoa huu ambao watu wanaingia kanisani na msikitini kuiomba mvua, mimi peke yangu ndiyo mvua isiyotakiwa. Sikuingia. Nilirudi chumba cha chai, nikasimama pale dirishani, nikazinywa chai zote mbili.

Kabla wiki haijaisha bosi wetu, mama Ruthu, akaniita. Ni mama mstaarabu, hana makelele. Akaniambia, "Kaka Cornel, kaa." Nikakaa. Akasema, "Hilda ameomba nimtafutie meza chumba kingine. Nimemuuliza sababu, hakutaka kusema, nimemlazimisha. Mtoto wake bado ananyonya. Kazi ambayo angeimaliza alasiri anaimaliza usiku, maana kila akishika hesabu kuna mtu amesimama pembeni." Nikamwambia, "Bosi, mimi nawasalimia tu." Akasema, "Najua. Wewe ni mtu mzuri. Lakini watu hawamalizi kazi."

Nikaacha. Tangu siku ile nikaacha kabisa. Nafika, nasema habari za asubuhi mara moja kwa wote, nakaa, narudi nyumbani. Nilifikiri labda baada ya muda mmoja wao atauliza, mzee Cornel vipi, mbona umepoa, una nini, lakini hakuna aliyeuliza, walifurahi, nawaona kabisa wamefurahi, Hilda hedifoni akawa anazivua, na siku moja Joel akapita kwenye meza yangu akanigonga mgongoni akasema, "Hongera mzee, siku hizi kazi zinakwenda." Sijui kama aliwahi kunisifia kabla ya hapo. Kutwa nzima najikuta nimetazama skrini, sauti ninayoisikia ni ya feni na ya vidole vyao kwenye kompyuta, nikisema nimpigie Yudith ananiambia niko darasani baba Abeli nitakupigia, jioni nikimpigia anasahihisha madaftari, kila mtu duniani yuko kazini.

Halafu nikaumwa malaria. Ilinipata vibaya, nikajifunga blanketi nikaenda zahanati kwa bodaboda, wakanipa dawa, nikarudi kulala, maji ya kunywa yakaisha chumbani na kutoka kitandani mpaka jikoni nikaona mbali, nikalala na kiu. Yudith alipiga nikamwambia niko kikaoni, sikutaka kumpa wasiwasi. Kutoka ofisini simu haikulia. Niliporudi kazini, suruali nimeikaza mkanda mpaka tundu la mwisho, Hilda akanyanyua uso, akaniambia kwa furaha kabisa, "Shikamoo kaka, za safari?" Walidhani nimetumwa mkoani. Nikamwambia, "Marahaba, nzuri tu, ila vumbi jingi njiani." Nikaenda kukaa.

Sasa mama Ruthu ameniita tena. Ananiambia karibu na bwawa la Mtera wizara ina kituo kidogo, anahitajika mtu mmoja wa kukaa pale, na kwa jinsi nilivyotulia siku hizi ameona anipe mimi nafasi ya kwanza. "Kazi ya utulivu," akasema, "hakuna wa kukusumbua." Nikatoka nikijiuliza, hakuna wa kunisumbua, au hakuna wa mimi kumsumbua? Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nisaini niende? Au nibaki pale nikiwa mvua? Au niache kazi kabisa? Namba yangu ya simu iko nyuma ya bahasha. Nimechoka, dada Evodia, na sijui nimechoshwa na nini maana siku hizi hata sisemi na mtu.

Cornel, Ihumwa

*

Cornel, umenizidi, kwa hiyo shikamoo. Nimeshakupa heshima yako, sasa vumilia nikugombeze.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: wewe pale wizarani unafanya kazi gani? Hilda anaandaa bajeti, nimejua. Joel anashughulika na kompyuta, Iddy ni wa manunuzi. Wewe je? Umeandika kurasa zote hizo na kazi yako mwenyewe hujaitaja. Nikapata wasiwasi kwamba hata mezani kwako unaigusa kwa nadra.

Ndiyo maana nikageuza bahasha nikakupigia. Ulipokea haraka sana. Ukanisimulia baridi ya Dodoma, ukanisimulia treni ya umeme na watu wanaosinzia ndani yake wakapitiliza Morogoro, ukaingia kwenye zabibu za mwaka huu na kwa nini za mwaka jana zilikuwa tamu zaidi. Unasimulia vizuri, sikatai, nilicheka. Lakini mezani nilikuwa na barua za watu wengine zinasubiri majibu, na kadiri ulivyoendelea nikaanza kumwelewa Hilda. Nilipoona zabibu haziishi nikakukatiza: "Cornel, homa imekwisha?"

Zabibu ukaziacha hapo hapo. Kisha ukasema taratibu, "Imekwisha. Ila suruali zote zinanipwaya."

Hilo ndilo neno la kwanza uliloniambia siku ile. Mengine yote yalikuwa kelele. Unaongea kutwa nzima, Cornel, na hakuna mtu uliyemwambia kitu. Umewapa wenzako mpira, karanga na hali ya hewa, hukuwahi kuwaambia kwamba unakaa peke yako kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Mwanaume mzima umetoka kitandani kwa malaria, mtu anakuuliza za safari, unamjibu habari za vumbi la safari ambayo hukwenda! Halafu unakaa kwenye kiti unaumia kwamba hawakujali. Wangejali kitu gani? Ulichowaambia wewe ni kwamba ulisafiri salama.

Nisikufiche kuhusu Hilda. Mtu akiwa katikati ya hesabu ukamgusa bega, usifikiri umemchukulia ule muda mfupi uliosimama pale. Ukiondoka yeye anarudi mwanzo wa ukurasa. Alichokipoteza asubuhi kwa ajili ya karanga zako anakilipia jioni, na jioni ile ilikuwa ya mtoto anayemsubiri anyonye. Hakuwa anasikiliza muziki. Alikuwa amefunga mlango, na kwa kuwa ukumbi wenu hauna milango aliufunga masikioni. Ulikuwa unaufungua bila kubisha hodi.

Joel naye simwachi. Watu wazima wanakaa na mwenzao ukumbi mmoja, badala ya kumwambia "kaka, nina kazi, tuongee saa ya chai," wanampa jina na kulicheka mbele yake. Ule ni woga. Sentensi moja ya kiungwana ingetosha, na wewe ungeona aibu siku moja ikaisha. Gazeti hili linafika pale ofisini kwenu, na yeye alisome.

Kwenye simu nilikuagiza ufanye jambo moja kesho yake: umwendee Hilda wakati wa chai, siyo wakati wa kazi, umwambie hukuwa safari. Basi. Ulilalamika kwamba litakuwa jambo la ajabu kulisema baada ya wiki nzima. Nikakuambia sema hivyo hivyo likiwa la ajabu.

Ujumbe ulionitumia baadaye ninao. Unasema ulimkuta chumba cha chai anaosha kikombe, ukamwambia, "Hilda, siku zile sikuwa safari. Nilikuwa ndani, malaria." Akakiacha kikombe kwenye sinki na maji yanatiririka. Akasema, "Kaka Cornel! Unaumwa halafu mimi nakuuliza za safari?" Kisha akakuuliza nani alikuwa anakupikia, ukamwambia hakuna. Akakwambia, "Mimi si nakaa Ihumwa, pale nyuma ya shule? Ungepiga simu tu, ningekuletea uji."

Nyuma ya shule, Cornel. Miaka yote hiyo umesimama kwenye kona ya meza yake na hukujua kwamba binti huyu anakaa mtaa mmoja na wewe. Hukuwahi kumuuliza, kwa sababu ulikuwa unaongea.

Unaniandikia pia kwamba ulimwomba samahani kwa kumchelewesha kwa mtoto, naye, ulipomwambia lile jina unalijua, akaomba samahani, halafu nyote mkarudi kazini. Vizuri. Mlirudi kazini. Usiliongezee neno tena.

Sasa Mtera. Usisaini. Sina ubaya na Mtera, pana samaki watamu na watu wanaofanya kazi zao kwa heshima, na mtu anayetaka utulivu ule atakushukuru ukimwachia nafasi. Wewe hutaki utulivu. Wewe unataka kuondoka kabla hujafukuzwa, na hakuna anayekufukuza. Ukienda kule utakuwa na kituo chote cha kutazamana nacho, na mbu wa bwawa juu yake. Kesho asubuhi mwendee mama Ruthu, mwambie, "Bosi, nashukuru, siendi. Utulivu ule ulioniona nao haukuwa utulivu, nilikuwa na huzuni." Ni mama mstaarabu, umesema mwenyewe. Ataelewa, na asipoelewa utakuwa umeshasema.

Ukitoka kwake kaa kwenye kiti chako ufanye kazi yako, hiyo ambayo sijaijua mpaka leo. Asubuhi salimia ukiwa umesimama mlangoni, kisha kaa. Ukikumbuka la kumwambia mtu, lishike mpaka saa ya chai, utaona mengi yatakuwa yamekufa yenyewe kabla ya saa hiyo na hakuna aliyepungukiwa. Mwenye hedifoni masikioni mhesabu kuwa hayupo ofisini. Ila chai unywe nao. Usirudi kule kwenye kujinunia kwa kusema habari za asubuhi mara moja kama mgeni, hayo nayo yalikuwa maigizo, ulikuwa unawasubiri wagundue. Kaa mezani, waulize maswali, nyamaza wakijibu. Jumapili nenda kanisani Ihumwa hapo hapo, ukae na watu wasio na bajeti ya kumaliza. Kwaya wanahitaji sauti za wanaume kila mahali, na mdomo unao.

Nimebakiza lile ulilolipita haraka. "Nimezoea, hilo siyo tatizo." Cornel, hilo ndilo tatizo. Hilda hakuwa na deni la kukaa na wewe, wala Joel, wala Iddy. Ulikuwa unawaomba watu wa bajeti na manunuzi wakupe kitu ambacho yupo mwenye nacho, na yeye humwombi. Watoto wote wawili wako nje. Maana yake Yudith naye yuko peke yake kwenye nyumba ile ya Dar, anasahihisha madaftari ya watoto wa watu. Nilikuuliza kwenye simu mara ya mwisho ulipanda treni lini kwenda kwake, ukasema Pasaka. Treni ya asubuhi inakushusha Dar kabla ya chakula cha mchana, na wewe hujaenda tangu Pasaka!

Nikakuuliza tena: uhamisho ulipokwama ile mara ya pili, ulimwambia nini? Ukasema ulimwambia asihangaike, umeshazoea. Ulitaka kumpunguzia mzigo, naamini. Lakini jiweke upande wake. Mwanamke amesikia kwa masikio yake kwamba mumewe amezoea kuishi bila yeye. Akimbizane na ofisi za uhamisho kwa ajili ya nani? Ukimwambia uko kikaoni wakati unatetemeka kwa homa, yeye anajua nini? Anajua mumewe ana vikao vingi na mambo yake yanakwenda vizuri.

Sikuahidi kwamba atakuja. Huenda na yeye kwa miaka hii amejipangia maisha, huenda ana hasira ambayo hujawahi kuisikia. Utaisikia, na usimkatize. Ijumaa panda treni. Fomu za uhamisho mtazijaza upya baadaye mkiwa mmekaa pamoja, mkikubaliana.

Lakini usisubiri Ijumaa. Leo ukifika Ihumwa, fungua madirisha ya vile vyumba, kaa chini, umpigie. Kama anasahihisha, mwambie akimaliza akupigie, na umsubiri bila kununa. Akipiga usianze na baridi wala zabibu. Usimuulize ameshindaje. Mwambie wewe umeshindaje.

Evodia